Meno ya ukubwani yakianza kuota: mulika nyuma kabla ya mbele

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minane alipoanza kukwepa maji baridi. Akinywa, anainamisha kichwa ili maji yapite upande wa kulia tu. Nikamkalisha kitini, nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona gego la chini kushoto lina shimo jeusi lenye ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Sikushtuka sana. Tulipofika kwa daktari wa meno nikasema kwa ujasiri wote, "Daktari, ling'oe tu, si litaota jingine?" Akaligonga taratibu kwa mpini wa kioo chake, akanitazama. "Baba, hilo jingine ndilo hili."

Lilikuwa limeota miaka miwili nyuma, kimyakimya, wakati mimi na mama yake tumeshughulika na meno ya mbele: lipi limelegea, lipi limedondoka, lipi linachungulia. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi nyuma ya mdomo kila mara. Ya mbele nayo yamo, kwa sababu ndiyo yenye maswali mengi, lakini kama una dakika mbili tu, ruka hadi hatua ya tano.

Hatua ya 1: Jifunze kuhesabu kutoka katikati

Meno ya utotoni, wengine huyaita meno ya maziwa, ni 20: kumi juu na kumi chini. Meno ya ukubwani ni 32 ukihesabu na magego ya mwisho, ambayo watu wengine hawayaoti kabisa. Fanya hesabu kidogo hapo. Meno 20 ya ukubwani yanashika nafasi za yale ya utotoni. Yanayobaki, 12, hayamrithi yeyote. Yanaota nyuma kabisa kwenye ufizi mtupu, taya inavyozidi kurefuka. Hayasukumi jino, hayalegezi kitu, wala mtoto haji mbio kukuonyesha pengo. Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea.

Dawa yake ni kuhesabu. Mlaze mtoto kichwa chake kikiwa mapajani mwako, mdomo wazi, tochi juu. Anzia kwenye mstari wa katikati, pale meno mawili ya mbele yanapokutana, uende kuelekea shavuni. La kwanza na la pili ni meno ya mbele. La tatu ni chonge. La nne na la tano, kwa mtoto mdogo, ni magego ya utotoni. Ukikuta la sita, hilo ni la ukubwani, hata kama mtoto hajang'oka jino hata moja. Kama kuna pengo njiani, lihesabu pengo kana kwamba jino lipo.

Hesabu hii ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia madaktari wa meno. Kwenye karatasi ya matibabu utaona namba kama 36 au 75, na si mara moja nimesikia mzazi akiuliza mtoto atakuwaje na meno 75. Tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia, na kulia hapo ni kulia kwa mtoto, si kwako unayemtazama. Kwa meno ya utotoni robo hizo hizo huitwa 5, 6, 7 na 8. Tarakimu ya pili ni jino lenyewe ukihesabu kutoka katikati. Kwa hiyo 75 ni gego la utotoni la mwisho, chini kushoto, na 36 ni jirani yake wa nyuma, gego la ukubwani. Lile la mwanangu lilikuwa 36.

Hatua ya 2: Ijue ratiba, usiiabudu

Meno huja kwa mafungu mawili, na katikati yake kuna kipindi ambacho karibu hakuna kinachotokea.

Fungu la kwanza ni kati ya miaka 6 na 9. Linafunguliwa na magego ya kwanza ya ukubwani, yote manne, pamoja na meno mawili ya mbele ya chini, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 7. Mtoto mmoja anatanguliza magego, mwingine anatanguliza meno ya mbele, na yote mawili ni sawa. Kati ya 7 na 8 hufuata mawili makubwa ya mbele juu, pamoja na yale ya pembeni ya chini. Ya pembeni ya juu huja kati ya 8 na 9.

Halafu kimya. Kwa mwaka hivi, wakati mwingine zaidi, mdomo haubadiliki, na mzazi huanza kujiuliza kama mambo yamekwama. Hayajakwama. Ndani ya taya mizizi inaendelea kujengwa.

Fungu la pili huanza na chonge za chini, miaka 9 hadi 10. Kati ya 10 na 12 magego ya utotoni hung'oka na nafasi zao kuchukuliwa na magego madogo ya ukubwani, jino la nne na la tano. Chonge za juu huja miaka 11 hadi 12, na magego ya pili, jino la saba katika hesabu yetu, miaka 11 hadi 13. Ya mwisho, jino la nane, hungoja hadi miaka 17 na kuendelea.

Wasichana kwa kawaida hutangulia wavulana kwa miezi kadhaa. Mwaka mmoja mbele au nyuma ya umri huo usikunyime usingizi, na aliyechelewa kuota meno ya utotoni mara nyingi huchelewa na haya. Ninachokushauri ukitazame kuliko tarehe ni ulinganifu. Jino la kushoto likishaota, mwenzake wa kulia afuate ndani ya miezi sita. Miezi hiyo ikipita na hajaonekana, nenda ukaulize. Huenda kuna jino la ziada ndani ya mfupa limeziba njia, jambo ambalo hutokea hasa kwenye meno makubwa ya mbele ya juu, au jino lenyewe halikuumbwa, na hilo ni la kawaida zaidi kwa meno ya pembeni ya juu na kwa gego dogo la pili la chini. Picha ya eksirei inamaliza ubishi.

Mipaka mingine miwili: jino likidondoka lenyewe kabla ya miaka minne bila kugongwa, au mtoto akifika miaka minane bila jino lolote kulegea, mpeleke akaonwe.

Hatua ya 3: Liache jino lilegee lenyewe

Jino la ukubwani linapopanda, seli maalumu huula mzizi wa jino la utotoni lililo juu yake, kidogo kidogo, hadi kinachobaki ni kichwa kilichoshikiliwa na ufizi peke yake. Ndiyo maana jino lililodondoka kwa wakati wake halina mzizi, lina kitako chenye kishimo tu. Wazazi huliokota wakadhani limekatikia ndani. Halikukatika.

Mwache mtoto alichezee kwa ulimi, au kwa kidole kilichonawishwa. Linalokaribia kutoka hulala pande zote, mbele, nyuma na kando, bila maumivu. Hapo unaweza kulishika kwa kipande cha pamba safi na kulizungusha kidogo, nalo litakuja. Likigoma, liache. Uzi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango uachie wachekeshaji: unachana ufizi, na unamfundisha mtoto kuogopa kila atakayekuja kumwangalia mdomo.

Damu hutoka kidogo na ikichanganyika na mate huonekana nyingi kuliko ilivyo. Kunja kitambaa safi, akiume kwa dakika kumi hadi kumi na tano bila kukitoa kila saa kuchungulia. Siku hiyo asisukutue kwa nguvu.

Hatua ya 4: Ukikuta safu mbili, usikimbilie koleo

Hili ndilo linaloleta watu wengi mbio. Asubuhi mtoto anapiga mswaki, unamwona ana meno mawili mapya nyuma ya yale ya mbele ya chini, upande wa ulimi, na ya zamani bado yamesimama wima. Anaonekana kama papa.

Meno ya chini ya mbele ya ukubwani hutengenezwa nyuma ya mizizi ya yale ya utotoni, kwa hiyo kutokea kwa nyuma si ajabu. Yakishatoka, ulimi hufanya kazi ya kuyasukuma mbele kila mtoto anapomeza na kuzungumza, na haulipwi. Swali la kujiuliza ni moja: la zamani linatikisika au halitikisiki?

Likitikisika, mhimize mtoto alichezee, na autumie upande huo kutafunia vitu vigumu kidogo. Mara nyingi litaondoka ndani ya wiki chache. Lisipotikisika kabisa, na la nyuma limeshapanda nusu au zaidi, au miezi miwili mitatu imepita bila mabadiliko, daktari atalitoa kwa ganzi na kazi itakuwa imekwisha kabla mtoto hajamaliza kulalamika. Baada ya hapo usitake jino jipya lisogee kwa siku tatu. Lipe miezi.

Ikitokea juu, jino jipya likaota nyuma ya la zamani, usingoje sana. Jino la juu likifungia nyuma ya yale ya chini linaweza kunaswa hapo, na kila mtoto akiuma linazidi kubanwa.

Hatua ya 5: Gego la miaka sita, simamia kila usiku

Tumerudi nyuma. Hili ni jino la sita, linaota nyuma ya gego la mwisho la utotoni, na ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kutafuna maisha yote. Pia ndilo linaloongoza kwa kuoza miongoni mwa meno ya ukubwani. Sababu zake ziko wazi ukilitazama kwa karibu.

Kwanza, sehemu ya juu ina mifereji. Si mistari tu ya kupendezesha: mingine ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki, na chakula kikishaingia humo hakuna mswaki utakaokitoa. Pili, jino jipya bado halijakomaa. Tabaka lake gumu la nje linaendelea kunyonya madini kutoka kwenye mate kwa miaka kadhaa baada ya kuota, kwa hiyo wakati linapohitaji ulinzi zaidi ndio wakati lilivyo dhaifu. Tatu, linapanda polepole, miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, mpaka likutane na mwenzake. Muda wote huo liko chini ya usawa wa jirani yake, kama mtoto aliyesimama kwenye foleni nyuma ya watu wazima. Mswaki unaokwenda mbele na nyuma unapita juu yake bila kuligusa.

Jaribu mwenyewe. Mruhusu mtoto apige mswaki kama kawaida, kisha mulika. Utaona magego ya utotoni yanang'aa, na nyuma yake gego jipya lina utando mweupe ule ule wa chakula cha jioni.

Kinachofanya kazi ni kuugeuza mswaki. Simama nyuma ya mtoto, kichwa chake kiegemee kifua chako, na kidole chako kivute shavu pembeni. Ingiza mswaki kutoka upande wa shavu, ukatize meno badala ya kuyafuata, hadi nywele zishuke kwenye kile kijishimo kilicho nyuma ya gego la tano. Sugua hapo mara kumi hadi kumi na tano, kila pembe ya mdomo. Mwambie asifungue mdomo sana. Hili hushangaza watu, lakini mdomo ukiachamishwa mno shavu hukaza na mswaki hukosa pa kupita.

Mswaki ni mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ule wa usiku ndio usiosamehewa, kwa kuwa usingizini mate hupungua na meno hubaki bila mlinzi. Tumia dawa yenye floraidi. Kwenye boksi tafuta namba iliyo mbele ya herufi ppm: iwe 1,000 hadi 1,500. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita anatosha na kiasi cha punje moja ya njegere, wala si ule mkanda mrefu unaochorwa kwenye matangazo. Ateme, asisukutue kwa maji. Ladha ikibaki mdomoni ndiyo floraidi inavyobaki kazini. Na mpigie wewe, au msimamie kwa macho, hadi afike miaka saba au minane. Mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu vizuri hajaweza kusafisha gego la nyuma.

Halafu muulize daktari kuhusu kuziba mifereji. Jino linasafishwa, linakaushwa, linapakwa kimiminika kinachoingia kwenye mifereji na kugandishwa kwa mwanga maalumu. Hakuna sindano, hakuna kutoboa, na kazi ya jino moja ni dakika chache. Wakati mzuri ni mara tu sehemu yote ya juu inapokuwa imeachana na ufizi. Kama jino halijatoka vizuri na haliwezi kukaushwa, ipo aina nyingine inayostahimili unyevu, ya kushikilia hapo kwa muda. Mdogo wake mwanangu alizibwa yote manne kwenye mwaka wake wa saba. Nilikuwa nimeshalipia somo.

Siku gego linapochomoza, ufizi wa nyuma unaweza kuvimba, na mtoto akauuma mwenyewe anapotafuna. Mpe maji ya baridi, na kama anaumia sana, paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16. Na kama ana homa kali, usisingizie meno. Tafuta ugonjwa.

Hatua ya 6: Yajue yanayotisha bure

Jino jipya ni la njano. Karibu kila mzazi huniuliza hili, akidhani mtoto hapigi mswaki. Jino la ukubwani lina tabaka nene zaidi la ndani, ambalo rangi yake kwa asili ni ya njano, na hilo linaonekana kupitia tabaka la nje. Likisimama kando ya meno ya utotoni, ambayo ni meupe kama maziwa, tofauti inakuwa kubwa. Yale meupe yakishaondoka hakuna atakayeiona. Usimnunulie mtoto dawa za kung'arisha.

Ncha zake zina vijimeno kama msumeno. Hivyo ni vya kawaida, vitasagika vyenyewe meno ya juu na ya chini yakianza kukutana.

Meno mawili ya juu yametoka makubwa, yamepanuka kama mlango ulioachwa wazi, na katikati kuna mwanya. Kati ya miaka 7 na 11 hivi ndivyo watoto wengi wanavyokuwa: chonge zilizo bado ndani ya mfupa zinaibana mizizi, na vichwa vya meno vinaegemea nje. Chonge zikishuka, mwanya mara nyingi hujifunga. Mwingine haufungi, na kuna wanaoomba usifunge.

Uvimbe wa bluu au zambarau juu ya ufizi mahali jino linapotarajiwa. Ni damu au majimaji yaliyokusanyika juu ya jino linalopanda. Jino lenyewe huupasua likitoka, na kwa kawaida hauhitaji kisu.

Yapo pia yanayofanana na hayo lakini hayamo kwenye kundi hili. Gego la miaka sita likitoka na mabaka meupe kama chaki, ya njano au ya kahawia, linamegeka pembeni, na mtoto analia mswaki ukiligusa, hilo ni jino ambalo tabaka lake la nje halikukomaa vizuri wakati wa kuumbwa. Si uchafu, wala si kosa la mtoto. Huoza haraka sana kuliko mengine, hivyo lionwe mapema, wiki hiyo hiyo kama inawezekana.

Hatua ya 7: Linda nafasi za meno ambayo bado hayajaja

"Litang'oka tu" ni maneno yaliyogharimu watoto wengi. Gego la utotoni lina kazi mbili: kutafuna, na kumshikia nafasi mrithi wake hadi afike miaka 10 au 12. Likioza na kung'olewa mtoto akiwa na miaka mitano au sita, gego la miaka sita halina cha kulizuia. Linateleza mbele, linaziba nusu ya nafasi, na gego dogo likija linakuta mlango umefungwa. Pia usaha ulio kwenye mzizi wa jino la utotoni unaweza kuliharibu jino la ukubwani linaloumbwa chini yake, likatoka na kovu.

Kwa hiyo gego la utotoni linalozibika lizibwe. Likilazimika kung'olewa mapema, uliza siku hiyo hiyo kuhusu kifaa cha kutunza nafasi, ambacho ni pete ndogo ya chuma inayovishwa jino jirani, yenye waya unaovuka pengo. Meno ya mbele ya utotoni hayana shida kubwa hiyo.

Mtoto akifika miaka 9 au 10, fanya jambo moja ambalo ni wachache wanaolijua. Nawa mikono, pitisha kidole juu ya ufizi wa juu, upande wa nje, juu zaidi ya chonge ya utotoni. Unatafuta kinundu kigumu, kimoja kila upande. Hicho ni chonge ya ukubwani inashuka. Ukikosa vyote viwili, au ukapata kimoja tu, na mtoto ameshafika kumi, mwambie daktari. Chonge ya juu husafiri mbali kuliko meno mengine yote, na baadhi hupotea njia zikaelekea kwenye kaakaa. Ikigunduliwa mapema, mara nyingine kuitoa chonge ya utotoni peke yake kunatosha kuirudisha njiani. Ikigunduliwa miaka 15, ni upasuaji na waya.

Kunyonya kidole nako kukome kabla ya meno ya mbele ya ukubwani kutoka. Baada ya hapo kidole kinayasukuma nje na kuacha uwazi kati ya juu na chini.

Hatua ya 8: Jino la ukubwani likigongwa likatoka zima

Miaka 7 hadi 10 meno makubwa ya mbele ndiyo kwanza yametoka, na ndio umri wa kuruka, kusukumana na kuanguka. Hapa dakika zina thamani, kwa hiyo soma sasa, si siku hiyo.

Kwanza mtazame mtoto mwenyewe. Kama alizimia, anatapika au anasinzia ovyo, hospitali kwanza, jino baadaye. Kama yuko sawa, litafute jino. Lishike kwa kichwa, ile sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Juu ya mzizi kuna seli hai, nazo ndizo zitakazolishikiza tena kwenye mfupa. Kama ni chafu, limwagie maziwa, au maji baridi kwa sekunde chache tu. Usilisugue, usilifute kwa kitambaa, usilipake dawa.

Kisha lirudishe kwenye tundu lake, upande wa mbele ukiangalia mbele, ulisukume taratibu hadi liwe sawa na mwenzake. Mtoto aume kitambaa kulishikilia, mwende kwa daktari wa meno moja kwa moja. Najua mkono unatetemeka. Lakini jino lililorudishwa ndani ya dakika chache lina nafasi nzuri kuliko lolote lililobebwa mfukoni. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa baridi. Hakuna maziwa? Mtoto ateme mate kwenye kikombe, uliweke humo. Lisikauke. Likikaa kavu saa moja, seli nyingi zitakuwa zimekufa.

Yote hayo ni kwa jino la ukubwani. La utotoni likitoka kwa kugongwa usilirudishe kamwe, utamuumiza anayekuja chini yake. Mpeleke tu mtoto aangaliwe. Na kama jino limevunjika kipande, kiokote, kiweke kwenye maziwa au maji: mara nyingi kinaweza kugandishwa tena.

Hatua ya 9: Jino la saba, na mdomo uliofungwa

Magego ya pili huota miaka 11 hadi 13, na kila nilichosema kuhusu gego la miaka sita kinayahusu pia: mifereji, upandaji wa polepole, mswaki wa kukatiza, kuzibwa mapema. Tofauti ni kwamba mwenye mdomo sasa ana miaka kumi na miwili na hataki tena kulala mapajani kwa mtu.

Wangu huyo wa namba 36, ambayo ilizibwa na ingalipo, nilimpa kioo kidogo cha mkononi na tochi yangu ya simu, nikamwambia ahesabu mwenyewe kutoka katikati. Akaenda chooni, akafunga mlango. Baada ya dakika kadhaa nikasikia sauti yake, mdomo ukiwa bado umeachama: "Baba, huku chini liko la saba. Limefunikwa nusu na nyama."